Utepe wa Kitasa

Kampuni yetu ina watu wanne na chumba kimoja pale Igogo, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mkurugenzi alisoma mahali kwamba watengeneza programu wa siku hizi hukutana kila asubuhi wakiwa wamesimama, ili maneno yawe machache. Basi na sisi tukasimama. Kwanza sala, halafu kuthibitisha muhtasari wa jana, halafu yatokanayo, halafu mengineyo. Ikifika mengineyo mhasibu ameshaomba kiti kwa sababu ya miguu, na mkurugenzi naye anakaa ili mhasibu asijisikie vibaya. Nabaki nimesimama mimi, kwa kuwa ni mdogo.

Tunatengeneza kitasa cha mlango kinachofunguliwa kwa simu, hakina funguo. Mtu wa kwanza kukijaribu ni mama mdogo wangu, anayeuza samaki, sato, kwenye fremu yake ya duka hapo chini barabarani. Nilimbembeleza mimi. Alikubali kwa sababu ni mimi, tukang'oa komeo lake, tukaweka kitasa chetu.

Kumbe kina ugonjwa. Umeme ukikatika na kurudi, kitasa kinamsahau mwenye duka. Akigusa simu kinamwambia "Karibu, mteja mpya," na mlango haufunguki. Nilihangaika nao mpaka nikaupatia dawa. Ilibaki kubonyeza tu, toleo la pili liende kwenye kitasa kwa mtandao. Nikalisema kwenye mengineyo.

"Umefanya vizuri," mkurugenzi akasema. "Ila hilo ni toleo la pili, haliwezi kutoka hivihivi. Litazinduliwa."

"Bosi, umeme ukikatika kabla ya hapo?"

"Ndiyo maana mgeni rasmi tunamwalika mapema."

Huku kwetu kitu hakianzi kazi kabla ya mgeni rasmi kukata utepe. Nimeona choo cha soko kimekamilika, kimepakwa rangi, kimefungwa, watu wanakizunguka wakiwa wameshika tumbo, eti kinasubiri uzinduzi. Sikujua programu nayo inahesabika kama choo.

Siku ikafika. Tukapanga viti vya plastiki uani, kompyuta yangu ikawekwa mezani, mbele yake utepe, na mkasi juu ya sahani yenye kitambaa. Mgeni alikuwa anatokea ng'ambo ya ziwa. Asubuhi tulipompigia alisema ameshavuka, yuko Kigongo. Mchana alikuwa bado yuko Kigongo. Watu wakamaliza soda. Katikati ya hapo muziki ukakatika, umeme umekwenda. Ukarudi. Nikajua ni mlango gani umeshamsahau mwenyewe.

Haikupita muda mama mdogo akaingia uani na aproni yake iliyojaa magamba, simu mkononi.

"Mama, shikamoo," mkurugenzi akamwahi.

"Marahaba. Duka langu limenikaribisha kama mgeni. Sato wako ndani, barafu inayeyuka."

"Vumilia kidogo tu mama. Mgeni rasmi yuko Kigongo."

"Sato hawana shida na Kigongo." Akanigeukia mimi. "Mwanangu, dawa ya mlango iko wapi?"

"Imo humu kwenye kompyuta, mama mdogo. Bado kubonyeza."

"Sasa mbona hubonyezi?"

Niliona aibu kulisema kwa sauti. "Utepe haujakatwa."

Akautazama utepe. Akautazama mkasi. Akafuta mikono kwenye aproni, akauchukua, akakata.

"Nimezindua kwa niaba ya samaki," akasema. "Bonyeza."

Watu walikuwa wamekaa muda mrefu wakisubiri kupiga makofi, basi wakapiga. Mwenye muziki naye akaweka muziki. Nikabonyeza, tukashuka mbio. Mlango ukafunguka. Barafu ilikuwa nusu maji. Mama mdogo akafunua shavu la sato mmoja, akanusa, akafunua la mwingine. "Wazima," akasema.

Niliporudi mkurugenzi alikuwa ameufunga utepe fundo katikati. Akanivuta pembeni, akaniomba nirudishe toleo la zamani, ili mgeni azindue kitu cha kweli. Nikamwambia haiwezekani. Inawezekana kabisa. Mgeni alipofika akakata pembeni ya fundo, akabonyeza kitufe nilichomwonyesha, ambacho hakifanyi chochote, akatusifu kwa kasi yetu.

Jioni nikapita dukani. Fundi wa kuchomelea alikuwa anamalizia kurudisha komeo, na kufuli jipya lilikuwa tayari juu ya mizani.

"Kitasa chako nimekiacha hapohapo," mama mdogo akaniambia. "Kinapendeza. Toleo la tatu likikaribia uniambie mapema, niuze samaki wote kwanza."

Akafunga kufuli, akaning'iniza ufunguo shingoni.