Siku Niliyomficha Rukia Ndani ya Buibui

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho ya kuonea na kope za kuyafumbia. Namshukuru kwa umri alionijaalia, hata nikapata wajukuu wa kuhangaika nao.

Enzi zetu, sisi tuliokulia Malindi miaka ya themanini, Jumapili alasiri sinema ilikuwa ya wanawake peke yao. Akina mama waliingia na mabuibui yao, harufu ya udi ikifika hadi barabarani, na mikoba imejaa bajia, mabuyu na achari ya embe. Watoto wa siku hizi, wasioweza kutazama kitu dakika kumi bila kukirukisha, hawawezi kutuamini: filamu moja tuliiona mara nne, na tukalia palepale tulipolia mara ya kwanza.

Mlangoni alikaa Bi Mwanaidi, na kando yake ubao wa chaki ulioandikwa nani anaruhusiwa kuingia. Tulikuwa tumekwisha kuona filamu moja ya shujaa mwenye nguvu za ajabu, na ile ilikuwa ya wote. Shujaa alivaa rangi kama kanga za sikukuu, akaruka angani, akaokoa paka, tukacheka. Ilipokuja ya pili, ubao ulisema walio chini ya miaka kumi na sita wasiingie. Tukaona ni choyo cha wakubwa tu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mdogo wangu Rukia alikuwa na sita, naye alinililia wiki nzima nimpeleke.

Nikachukua buibui la dada yetu mkubwa bila kumwambia, nikalivaa ili nionekane mkubwa, nikamtia Rukia ndani, akanishika kiuno. Tukaenda hivyo, mtu mmoja mwenye miguu minne.

"Buibui hilo limekuvaa wewe, hukulivaa!" alisema Bi Mwanaidi, na wanawake wakaangua kicheko. Akanitazama tumbo. "Na bajia umezila zote wewe? Haya pita, unanizibia watu."

Ndani, taa zikazimwa. Shujaa wa safari hii alivaa joho jeusi, na mji wake ulikuwa wa mvua na giza. Alimkamata mwizi, akampiga. Mwizi akaomba msamaha, akapigwa tena, hadi damu ikatapakaa ukutani. Rukia alikuwa ametoa uso kwenye buibui.

"Dada, huyu ndiye mwema?"

"Ndiye."

"Mbona hasikii anaombwa?"

Nikamfunika, lakini alikwisha kuona.

Tangu siku ile Rukia akaacha kusema. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kokoto zetu za kuchezea mdako zilikaa barazani, hazikuguswa. Baba akikohoa uani, yeye alijificha nyuma ya mtungi. Mama akadhani ni shetani, akamwita maalimu aandike kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, Rukia akanyweshwa. Mama alimnywesha huku machozi yakimtoka. Mimi ndiye niliyeshika sahani. Nilijua aya za Mungu ni dawa, na nilijua kuwa chanzo cha ugonjwa nimekificha mimi. Je, kama mdogo wangu atabaki bubu maisha yake yote?

Siku ya nne nikasema yote. Nilingoja kipigo. Mama hakunipiga. Alikaa chini kwenye mkeka.

"Macho hayana pazia, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana mtoto huwekewa mtu wa kumzuia."

Kisha akampakata Rukia. "Ile damu ni rangi, mama. Na yule mwizi amekwenda kwao, anakula wali."

Rukia alifikiri sana. Halafu, kwa sauti ya kukwaruza, akauliza, "Na yule aliyekuwa akipiga?"

"Naye amekwenda kwa mamake. Amegombezwa."

Rukia akashusha pumzi, akaomba maji. Alhamdulillahi.

Juzi wajukuu wangu walikuwa wakitazama filamu ya shujaa wa namna hiyo kwenye simu. "Bibi, hii ni ya miaka kumi na mitatu tu, haina kitu," wakaniambia. Nikakaa nao. Kweli, damu haikuwepo. Majumba yaliwaangukia watu, mji ukateketea, na sikuona hata tone. Nikahisi waliotengeneza filamu wameifuta damu ili namba ya umri ishuke na watoto waingie. Giza wameliacha vilevile. Ubao wa Bi Mwanaidi angalau ulisema kweli, na sisi ndio tuliodanganya. Hii namba ya leo sijui niiamini vipi, na jambo hilo linaninyima raha.

Shujaa alimpiga mtu aliyekwisha kuomba msamaha. Nikangoja mmoja wao aulize. Mdogo kabisa, mwenye miaka sita, alicheka, akaendelea kula viazi vyake.

Nikampakata. Nikamwuliza mimi, "Mbona hasikii anaombwa?"

Akaacha kutafuna. Akanitazama.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulindie macho ya wanao, na akujaalie uwe umekaa karibu nao taa zinapozimwa. Amin.