Bunduki Niliyoinunua kwa Jembe

Kla-kak. Chuma kinavutwa nyuma, kinasukumwa mbele, kimya kidogo, kisha kikohozi cha Babu. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya jioni nyumbani kwetu Muyama, na mpaka leo nikitulia naisikia vizuri kuliko hata sauti yake ya kuongea. Bunduki haikuwa na risasi. Risasi ziliisha mimi sijaanza shule, na Babu hakuhangaika kutafuta nyingine. Alikuwa anaikoki tu pale mlangoni, anaitupia begani, anashuka kuzunguka shamba la mahindi ili nguruwe pori wajue mwenye shamba yupo. Alisema nguruwe ana akili, anaujua mlio wa chuma, ila kuhesabu risasi hawezi.

Ilikuwa bunduki ya zamani ya jeshi la Mwingereza. Babu aliinunua ujanani, kwa leseni, kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ubao wake ulikuwa mweusi kwa jasho na mafuta ya mawese, na kwenye chuma palikuwa na kitaji kidogo kimegongwa. Utotoni nilikuwa nakipapasa kwa kidole gumba nikiamini kuna mfalme anaishi humo ndani.

Mimi nilisoma mpaka kidato cha pili, halafu nikajifunza kusuka nywele. Nina saluni Kasulu mjini, na nyuma ya saluni kuna chumba changu cha vitu vya kale: pasi ya mkaa, redio ya mbao, vibuyu vya maziwa, kigoda kimoja ambacho mwenyewe alitaka kukipasua kuni. Nilikuwa na ndoto, na bado ninayo, kwamba siku moja watoto wa shule watakuja pale wamepanga mstari, na mimi nimevaa kitenge kizuri nawaeleza kitu kimoja kimoja. Watu walinicheka, nami nikacheka nao. Silaha sikuwa nayo hata moja, wala sikuwa natafuta.

Kisha Babu akaenda kuhuisha leseni akaambiwa macho yake hayafai tena. Hakuna mwanaye aliyetaka kuirithi. Ikikabidhiwa, tuliambiwa, itakwenda kuharibiwa pamoja na nyingine. Siku hiyo Babu alirudi nyumbani akakaa bila kuvua koti mpaka chakula kikapoa.

Mimi nikaenda mwenyewe polisi kuuliza. Askari aliyenisikiliza alikuwa mtu mpole.

"Njia ipo," alisema. "Mtutu uzibwe, chuma cha kukoki kichomelewe kisisogee. Hapo inabaki ya ukumbusho. Lakini mzee hana leseni tena, kwa hiyo lazima ipate mwenyewe mwingine, ambaye sisi tukimuuliza atajibu."

"Na mzee ataruhusiwa kuishika?"

"Ikishazibwa, dada, haina tofauti na mchi. Ashike tu."

Nilitoka pale natembea kama ninayecheza. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nitainunua mimi, nitairudisha Muyama, nitaitundika ukutani kwake, na jioni Babu ataiweka begani kama kawaida. Sauti haitakuwepo, lakini bega litakuwa na mzigo wake. Siku nyingine, Mungu akipenda siku ya mbali sana, ndipo itakuja kwenye chumba changu.

Nilimsimulia mama mmoja Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikiwa namsuka. Akageuza shingo mpaka msuko ukanitoka.

"Weye unauza pesa yako kwa fuzi? Sisi ile kitu tuliikimbiaka."

"Bunduki hii haipigi, mama."

"Basi itakusaidia nini?"

Nikasema itamsaidia Babu. Akanirudishia kichwa.

Kwa mila yetu pale nyumbani, silaha haitolewi bure, hata kwa mjukuu. Mkuki, upinde, bunduki, vyote hununuliwa, na hununuliwa kwa chuma. Pesa haihesabiwi. Ukiichukua bure, yaliyofanywa na ile silaha yanakufuata wewe. Kwa hiyo nilinunua jembe jipya dukani kwa mzee mmoja Mwislamu pale sokoni Kasulu, nikalifunga kitambaa, nikaenda nalo Muyama.

Nilipiga makofi ya salamu mlangoni. "Mwakeye, Babu."

"Mwakeye, mke wangu. Umeniletea nini?"

"Jembe. Nimekuja kuposa bunduki."

Bibi alikuwa anapepeta maharage. Akaweka ungo chini. "Haya, dunia imegeuka. Zamani majembe yalitolewa ili kumpata mwanamke kama mimi, leo mwanamke ndiye anayetoa. Mke mwenza, na sisi wengine utatuoa lini?"

Baba mdogo, aliyeitwa awe shahidi, yeye hakuwa na utani siku hiyo. "Kazi yako ni nywele. Bunduki utaisuka mtindo gani, ule wa twende kilioni?"

"Nitaisuka rasta," nikamjibu, na Babu akacheka mpaka akashika ubavu.

Alilipokea jembe kwa mikono miwili. Akalipiga ukucha kusikiliza kama chuma kimekaa sawa, akampa Bibi. Kisha akainama, akachota udongo wa uani, akasugua viganja vyake taratibu kama mtu anayenawa. Bibi aliacha kucheka. Mimi niliona, lakini nilikuwa nimejaa furaha mpaka kooni. Sikuuliza.

Mambo ya polisi yalikwenda vizuri. Fundi wa kuchomelea aliifanya kazi yake askari akiwa amesimama pembeni, nami niliangalia pembeni zile cheche zilipoanza. Nilimwomba asipige msasa wala rangi. Wanaokusanya vitu vya kale, wale ninaowaona kwenye simu, husema ukisafisha sana unafuta maisha ya kitu. Nikaipaka mawese kidogo kwenye ubao, kama Babu alivyokuwa anaipaka, nikairudisha Muyama.

Nikaitundika kwenye misumari yake ileile. Babu alikaa akinitazama.

"Karibu, mgeni," alisema. Nilidhani anaikaribisha kwa utani.

Jua lilipoteremka nikaitungua, nikamnyooshea. Mikono yake ilibaki ndani ya koti.

"Babu, chukua. Twende shambani, leo nakusindikiza."

"Si yangu hiyo, mke wangu. Mimi niliuza."

"Najua. Ni yangu, nami nakupa uishike."

"Umenunua vizuri," alisema. "Hukunipunja." Akageuza kiti chake, akatazama upande wa jikoni.

Nilimfuata Bibi penye moshi. Alikuwa anachochea moto ambao hauhitaji kuchochewa.

"Hukuwahi kuambiwa?" aliniuliza. "Aliyepokea jembe haishiki tena. Wewe hukuona anasugua mikono? Akiishika leo, ni kama mtu aliyemwoza binti yake halafu anamwita arudi kumpikia."

"Basi nitalirudisha. Nipe jembe, tuvunje biashara."

Bibi alinyoosha kidole kwenye kona. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta na udongo mwekundu umeganda mpaka kwenye mpini. Alikuwa amelimia maharage wiki hiyo yote.

Nililibeba hivyohivyo mpaka kwa Babu, nikapiga magoti. Nilikuwa tayari nalia.

"Jembe limeshakula udongo," alisema. "Halirudi hilo."

"Sasa mbona hukuniambia, Babu? Siku ile, kabla hujalipokea?"

Alilitazama jembe, kisha akanitazama mimi.

"Ningekwambia usingenunua, nayo ingekwenda kuyeyushwa. Halafu, ulikuwa unafurahi."

Baba mdogo alikuja kesho yake kumweleza kuwa sisi ni watu wa kanisa, hayo mambo yalishapitwa. Babu alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza habari za ng'ombe.

Nimewahi kufiwa na watu, lakini sijui kama kuna kitu kimewahi kuniuma kama kumwona mtu mzima akikaa ndani jioni huku mguu wake unatikisika. Saa ile ikifika mguu ulikuwa unaanza wenyewe. Nilimletea fimbo nzuri, nikamwambia azunguke nayo. Alishukuru, akaipa kazi ya kufukuza kuku. Nilijitolea kwenda naye mkono kwa mkono. Akasema mlinzi asiye na kitu begani ni mpita njia tu, nguruwe watamsalimia. Tulicheka wote wawili. Halafu hakuna aliyejua pa kutazama.

Nikaichukua bunduki nikaipeleka Kasulu, nikiona pengine isipokuwepo ukutani atapata nafuu. Bibi alinipigia simu kuniambia sasa Babu anaangalia misumari.

Mwaka huo mahindi yalibeba vizuri. Babu alishaanza kukohoa kikohozi kingine, cha ndani, na hospitali walitupa dawa wakatuambia umri nao ni ugonjwa. Nilifunga saluni nikaenda kukaa nao. Jumamosi moja jioni Bibi alikuwa mazoezi ya kwaya. Babu amelala chumbani, uso ukutani, sikujua kama ana usingizi. Nikasikia mahindi yanavunjika kule chini, na ile miguno ya nguruwe.

Naye aliisikia. Niliona blanketi linasogea pale penye mguu.

Nikatoka. Nyuma ya jiko kulikuwa na debe tupu la mawese, nikalichukua, nikaokota na kipande cha mti. Niliteremka mpaka mwisho wa shamba, kwenye njia nyembamba ambayo nyasi zilikuwa zimeanza kuifunika, nikaifuata yote, mpaka wa juu na mpaka wa chini, nikiligonga debe kwa nguvu zangu zote ili lisikike mpaka chumbani.