Dokta Vibha na Ini la Mzee Khelawan

Mjini Darbhanga ukitaja ultrasaundi, umemtaja Dokta Vibha Thakur. Mwenyewe anajua, wala hajifichi. Huyu binti wa karani wa reli ameangalia matumbo ya watu mpaka jicho limekuwa kali. Akikosea, anakiri. Akipatia, loo, mtasikia mpaka mchoke!

Siku moja aliletewa Mzee Khelawan, mkaanga jalebi, vile vitamu vya kuchovya kwenye shira, amekonda kabisa, kila jioni homa. Kwingine walishaona uvimbe kwenye ini wakasema saratani. Mkewe, Phulmati, alishapanga safari ya Banaras, mzee akafie kando ya mto mtakatifu wa Ganga.

Phulmati alimvuta daktari mlangoni. "Mwanangu, neno lile usilitaje. Tumemwambia ni gesi."

"Gesi gani hii ya kumkondesha mtu hivi, mama?"

Vibha akampaka mzee jeli, akatazama skrini. Madoa ini zima. Akasogeza kifaa: hata kwenye bandama. Mengine yalikuwa na chokaa ndani, na chokaa haijengeki kwa siku mbili tatu. Akaziinua dirishani picha za CT walizokuja nazo: madoa meusi katikati, yaking'aa pembeni. Akarudi mlangoni.

"Mama, hii inaweza kuwa TB."

"TB si ya mapafu?"

"Hata ini inalikalia. Lakini kwa picha peke yake siwezi kuapa, saratani nayo ina ujanja wake. Nataka kuchukua kinyama cha ini kwa sindano, huku naiona kwenye skrini inakokwenda."

"Sindano? Ng'o!" Phulmati aliruka. "Mtaa mzima unajua, saratani ukiidunga inaamka! Mume wa jirani yetu Sonmati alidungwa, hakumaliza mwezi."

"Angekufa hata asingedungwa."

"Ndiyo maneno gani hayo, we mtoto?"

Vibha akajiuma ulimi. Akili anazo tele, ila adabu wakati mwingine humponyoka.

"Nyie wanawake!" Mzee alikuwa ameinuka kitandani. "Mimi naumwa ini, siumwi masikio. Gesi gani inapelekwa Banaras? Binti, ukinidunga nikafa, basi nimewahi kidogo tu. Usiponidunga, na kumbe ni TB?"

"Utakuwa umekufa bure, baba."

"Basi dunga."

Akadunga. Mkono haukutetemeka hata chembe. Mpaka leo hulisimulia hilo kwa maringo, na ana haki yake.

Majibu yalipotoka, alimwita Phulmati chumbani akafunga mlango na kushusha sauti. TB kule ni aibu, watu huificha hata kwa ndugu, na jalebi za mwenye TB nani atazila?

"Mama, ni TB. Dawa zipo, za serikali, bure. Akizimaliza zote, atapona."

Phulmati alimkodolea macho. Halafu akafungua mlango kwa kishindo, akasimama katikati ya wagonjwa wote, machozi yanamtiririka.

"Ni TB! Jamani, mume wangu ana TB!"

Watu wakavuta shela puani, wengine wakahama benchi. Hakujali. Alivuka barabara akaingia kwa muuza peremende ambaye Mzee Khelawan hasemi naye, akanunua ladu, vitamu vya kugawa siku ya furaha, akarudi mbio. La kwanza alimtia Vibha mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, na daktari yule akalitafuna huku analia.