Sindano ya Kwenye Pazia

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na kabla sijawaambia lolote jingine kumhusu, niwaambie anavyoamka. Haanzi na kunawa uso, haanzi na chai. Huenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, akachomoa sindano aliyoichomeka kwenye pazia jana yake jioni, akalamba ncha ya uzi mweusi, akautunga. Ukishapita husema, kwa sauti ya mtu anayemwitikia jirani, "Asante Baba, leo tena." Hapo ndipo chai inamiminwa. Mimi naishi na yeye na dada yangu tangu niachike, mdomo wangu nilikuja nao, na nimeshamwambia mara nyingi kwamba Mungu hakatai shukrani za mtu aliyekwisha kunywa chai.

"Wewe kunywa, shemeji," hunijibu. "Mimi nitashukuru kwa niaba yako."

Mambo haya yalianzia kwa daktari wa macho. Alimulika, akapima, akamwambia macho yanafifia polepole; dawa ya matone itachelewesha, haitarudisha. Fundi alirudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani bila kukanyaga pedali, kisha akatutangazia uamuzi wake. Kila asubuhi atatunga uzi kwa macho yake mwenyewe. Siku sindano itakapokataa, atafunika cherehani, basi.

"Mpaka siku hiyo," alisema, "kila asubuhi nimepewa zawadi, na zawadi haipokewi kimya kimya."

Maneno mazuri. Lakini dada yangu, mkewe, alisikia lile la kufunika cherehani tu. Anamjua mumewe. Huyu ni mtu ambaye hata siku ya mapumziko hajui mikono yake aiweke wapi. Dada alihofia kwamba cherehani ikifunikwa, na shukrani itafunikwa nayo, tubaki na mtu wa kukaa tu na kutazama ukuta.

Miezi ikapita, na ile shughuli ya dirishani ikaanza kurefuka. Uzi unagonga pembeni, unapinda, unalambwa tena. Kuna siku nilisimama mlangoni na kikombe changu nikajisemea kwamba ngamia yule wa kwenye mahubiri angekuwa ameshapita na mizigo yake. Dada alikuwa jikoni anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

Kesho yake, bila kumwambia mtu, akaenda kwa muuza nyuzi akanunua sindano ya kudarizi. Anayejua kushona ataelewa ujanja wake: unene ni uleule, urefu uleule, ila tundu lake ni refu. Jioni Fundi alipokwenda kuoga, dada akachomoa ile ya zamani, akachomeka mpya palepale kwenye pazia.

Asubuhi uzi ukapita mara ya kwanza. "Asante Baba, leo tena," akasema Fundi, na safari hii sauti ilitetemeka. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Akawa anapiga mbinja juu ya cherehani, akaanza hata kunitania kuhusu pindo la gauni langu ambalo, kusema kweli, lilikuwa limekaa upande. Dada naye akawa anatabasamu kama mwenye jino bovu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Na uongo wa mapenzi, nimeona, ni vilevile.

Ikaja Jumapili. Mchungaji akauliza nani ana ushuhuda, na mtu wetu, ambaye miaka yote husimama kanisani wakati wa nyimbo tu, akainuka. Akasema macho yake yanarudi. Akaeleza habari ya sindano mwanzo mpaka mwisho. Kanisa zima likapiga makofi. Nilimwangalia dada. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayeomba, lakini namjua dada yangu, pale hakuwa anaomba. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Jumatatu, Fundi alipoketi tu dirishani, dada akamwahi.

"Mume wangu, hiyo sindano siyo yako. Niliibadilisha mimi. Tundu lake ni kubwa."

Fundi hakugeuka. Aliizungusha kati ya vidole.

"Ya kudarizi," alisema.

"Ndiyo."

"Vidole viliniambia tangu siku ya kwanza. Nikavinyamazisha. Nilitaka sana iwe kweli."

Dada akaanza kulia, nisamehe, nisamehe. Mimi nipo mlangoni, na ule mdomo niliokuja nao hauna kazi.

"Niletee ile ya zamani," akasema Fundi.

Dada akaitoa kwenye kopo la vifungo. Fundi akalamba uzi, akajaribu. Ukapita kushoto mwa tundu. Akalamba, ukapita kulia. Akajaribu mpaka ncha ya uzi ikachanika, kisha akaiweka sindano juu ya paja. Nikajua sasa ataomba kitambaa cha kufunikia cherehani. Roho iliniuma, sifichi.

"Asante Baba, leo tena," akasema Fundi, kwa sauti ileile ya kumwitikia jirani.

Akamnyooshea mkewe sindano na uzi. "Tunga wewe. Miguu bado inakanyaga, na mikono inakijua kitambaa. Nilimwekea Mungu tundu dogo mno."

Jumapili iliyofuata akasimama tena kanisani. "Macho yangu hayarudi," akasema. "Mke wangu alibadilisha sindano kwa sababu ananipenda, na mimi nikajidanganya kwa sababu naogopa. Bado naogopa. Ila asubuhi nazo bado zinakuja." Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Ilichukua muda mpaka mchungaji akakumbuka kusema amina.

Siku hizi anayetunga ni dada. Fundi hukaa pembeni yake, macho kayafumba, na uzi ukipita dada humgusa goti, naye hushukuru. Juzi dada aliamka na homa, ikabidi nikae mimi kwenye kile kiti. Nikalamba uzi, nikautunga, nikamgusa shemeji goti. Akawa kimya.

"Umepita," nikamwambia.

"Nimejua. Leo sema wewe, shemeji."

Nilitafuta utani, sikuupata. Barabarani watu walikuwa wameanza kupita, na jua lilikuwa limefika kwenye meza ya cherehani.

"Asante Baba," nikasema, "leo tena."

Ndipo tukanywa chai.