Waya wa Siku Moja

Watu wa hotelini walimwita Ngoja, na jina hilo alilipata kwa haki. Ukimwambia awashe pampu ya bwawa, atakujibu "ngoja". Ukimuuliza kama watoto waingie majini, "ngoja kwanza". Mpishi mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alimtania kila asubuhi alipopita mlango wa jikoni.

"Ngoja, siku jiko langu likishika moto sikuiti wewe!"

"Niite tu, mama. Nitakuja."

"Lini?"

"Ngoja nimalize chai."

Jiko zima lilicheka. Mimi nilichekea moyoni, maana sauti yangu tangu utotoni haitoki mbele za watu. Hata shuleni, nilikoishia darasa la saba, nilikuwa najua majibu nakaa nayo. Kwa hiyo yeye aliniita Kimya, na kwa miaka kumi na moja Ngoja na Kimya ndio tuliotunza bwawa lile.

Ngoja alianza kazi kama mkata nyasi. Ufundi aliuokota mwenyewe, kwa kuwatazama waliokuja kutengeneza na kuwauliza mpaka wakakereka. Mfukoni nyuma alikuwa na kitambaa cha kufutia mikono, kimekunjwa pembe nne, na shati lake la kazi lilipigwa pasi kama la mwalimu.

Bwawa letu lilitumia mashine ya chumvi. Maji yenye chumvi kidogo hupita ndani ya mtungi wa plastiki wenye sahani za chuma. Umeme ukipita kwenye sahani, chumvi hutoa klorini ya kuua vijidudu. Lakini hapo hapo hutoka gesi nyingine, haidrojeni, isiyo na rangi wala harufu, na cheche moja inatosha kuilipua. Maji yakitembea huibeba ikapotelea hewani. Maji yakisimama na umeme ukaendelea, gesi inajaa mtungini.

Mlinzi wetu alikuwa kiulimi kidogo ndani ya bomba. Maji yakikisukuma, umeme unapita. Maji yakisimama, kinarudi na umeme unakatika. Ngoja hakuridhika na mlinzi mmoja. Mara tatu nilimsikia akimwomba meneja mashine ile ichukue umeme kupitia kwenye pampu, ili pampu ikizima nayo izime, kiulimi kitake kisitake.

"Akisinzia huyu mmoja, bosi, nani atatuamsha?"

"Imefanya kazi miaka yote hii," meneja alisema. "Leo ngoja na wewe."

Hata Ngoja mwenyewe alicheka.

Basi ikafika siku ya mashindano ya watoto. Ngoja hakuwepo, alimpeleka mkewe hospitali. Jana yake alikuwa amefungua mtungi, akausafisha, akaurudisha. Saa nne asubuhi mashine ikaanza kujikata. Pampu inanguruma, maji yanatembea, lakini taa nyekundu na king'ora. Nikaiwasha, ikakata tena. Meneja akaja mlangoni na wazazi wawili nyuma yake.

"Kimya, hiyo kelele mpaka lini?"

Simu ilikuwa mfukoni. Ningempigia Ngoja angeniambia la kufanya. Lakini nilimwona akilini akiwa kwenye benchi la hospitali na mke mgonjwa, nikaona aibu kumsumbua. Nikakata kipande cha waya, urefu wa kidole, nikaunganisha zile nyaya mbili za kiulimi ili mashine iamini kwamba maji yanatembea siku zote. King'ora kikanyamaza. Meneja akanipigapiga begani.

Nilijiambia ni waya wa siku moja tu. Kesho nitawahi, nitautoa kabla hajaja.

Kesho yake niliwahi. Ila Ngoja, kwa kuwa jana hakuja, aliwahi zaidi. Alfajiri ile saa ya ukutani inayowasha mitambo yenyewe iliwasha pampu na mashine pamoja, kisha umeme ukashuka, pampu ikazima yenyewe. Mashine haikuzima, waya uliidanganya, gesi ikajaa mtungini na umeme bado ukipita kwenye sahani. Aliingia chumba cha pampu, akasikia kimya, akaamini kiulimi kimekata umeme, akainama kufungua koki ya kutolea hewa kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Mimi nilikuwa getini niliposikia mlio wa kupasuka.

Nilimkuta amekaa sakafuni, damu masikioni, vipande vya plastiki kwenye nywele. Alikuwa ananitazama mdomo akijaribu kuelewa ninachosema. Sikuwa nasema kitu. Kabla watu hawajafika niliuona ule waya ukining'inia ukutani. Nikauchomoa, nikautia mfukoni.

Waliokuja kuchunguza walikuta nyaya za kiulimi zimelegea, ncha zikigusana, wakauliza nani aliyefungua mashine mara ya mwisho. Ngoja alikuwa ameandikiwa swali kwenye karatasi, maana hakusikia tena. Akafikiri sana.

"Ni mimi," akasema. "Labda nilisahau kitu."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Aliacha kazi mwenyewe. Hotelini wakaleta mashine mpya, na fundi aliyekuja kuifunga niliweza kumnong'oneza kwamba ipitie kwenye pampu, na kiulimi kibaki palepale. Wakafunga hivyo. Pampu ikizima, mashine inazima, hata mjinga akiweka waya. Wakanisifu.

Miaka sita ikapita. Mwezi uliopita meneja alileta wafanyakazi wapya watatu chumba cha pampu, akawaambia, "Hapa alikuwepo mzee mmoja, Ngoja. Mzembe. Alisahau nyaya, akajilipua. Msiwe kama yeye." Wakacheka. Mzembe! Mtu aliyengoja chai ipoe yenyewe.

Jumapili nikaandika barua ya kurasa mbili, nikampelekea Ngoja nyumbani kwake.

Alikuwa kibarazani, amezeeka kuliko umri. Akafurahi kuniona, akanikumbatia. Nikampa barua. Akaigeuza, akanirudishia.

"Barua ni za watu wa mbali, bwana. Wewe umefika. Sema."

"Waya niliuweka mimi," nikasema.

"Eh?"

Nikarudia. Akaweka kiganja sikioni. "Kimya, mimi sisikii. Ongeza sauti."

"Waya niliuweka mimi!" Redio ya jirani ikapunguzwa. "Siku ya mashindano! Nilifunga kiulimi na waya, halafu nikauficha! Hukusahau kitu, kaka! Hukusahau kitu!"

Sijawahi kupaza sauti namna ile. Mkewe alitoka ndani mikono ina povu la sabuni, akasimama mlangoni.

Ngoja akauliza swali moja tu.

"Kwa nini kiulimi kilikuwa kinakata?"

"Sijui. Sikukiangalia."

"Kiliganda chokaa. Kila miezi miwili kinaganda." Akasugua kidole gumba kwenye kidole cha shahada, taratibu, kama anakisafisha. "Siki kidogo na mswaki. Dakika tano. Ungenipigia."

"Niliona aibu."

Sijui kama alisikia hilo. Mkewe alisikia.

"Shemeji," akaniambia, "unajua mwanaume huyu hawashi hata jiko humu ndani? Anasema mikono yake haiaminiki. Miaka sita."

"Nisamehe, shemeji."

"Mimi unaniomba cha nini?"

Nikamwambia Ngoja, kwa sauti ile ile ya kupasua koo, kwamba kesho nitakwenda kwa meneja na wale wapya nitawaita mmoja mmoja. Akatikisa kichwa kukubali. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza tena. Akasema tu, "Waeleze na habari ya siki."

Walikuwa na safari ya dukani, tukatoka pamoja. Akafunga mlango kwa kufuli, akalivuta kuhakikisha. Tukatembea hatua kama tano. Akasimama.

"Ngojeni," akasema.

Akarudi, akalivuta tena kufuli. Akaja. Hatukufika getini akarudi mara ya pili. Mkewe hakumtazama yeye, alinitazama mimi, mpaka aliporudi.