Sura ya Kibanda cha Ndizi

Jasi mbichi haikauki upesi ndani ya chumba kilichofungwa. Nilijua hivyo kwa kusoma, kisha nikajua kwa pua, wiki ile ya mwaka 2019 tulipofunga maduka yetu Jeppestown, Johannesburg, na kukaa ndani. Siku iliyotangulia, fundi alikuwa ameziba ufa ukutani mwa karakana yangu, ambamo natengeneza cherehani. Nilishusha mlango wa chuma, nikazima redio, na harufu ya chaki iliyomwagiwa maji ikajaa chumba kizima. Nje watu walikuwa wakipita na fimbo, wakiimba, wakitusaka sisi wageni. Ndani, mimi nilikuwa Tanga, nina miaka tisa, na mguu wangu wa kulia umo ndani ya hogo la jasi.

Niliuvunja kwa kuanguka kutoka juu ya ukuta wa uwanja wa mpira, timu yetu ikiwa inafungwa. Hospitali walinifunga jasi toka pajani hadi vidoleni, wakasema nisitoke kitandani mpaka mfupa uunge. Dirisha letu lilitazamana na ukuta wa jirani, na nilijua kila doa la ukuta ule. Wenzangu walikuja siku za mwanzo, wakachora magari kwenye hogo, kisha wakanisahau.

Aliyebaki ni Ami Shebe, mdogo wake baba. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Uganda na nishani, ambayo bibi aliitundika sebuleni juu ya saa, na Ami siku zote alikalia kiti kilichoipa mgongo. Kila alasiri alikuja na riwaya moja ya Kiingereza isiyo na jalada. Macho yalisoma Kiingereza, mdomo ukatoa Kiswahili, bila kusita. Nilidhani ndivyo vitabu vyote vinavyosomwa.

Riwaya ilihusu vita vya zamani katika nchi ya theluji, na shujaa wake hakuwa shujaa. Alikuwa kapteni mwoga, mwongo, mpenda kula, ambaye kila alipokimbia alikimbilia kwenye sifa. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, kwa hiyo Ami alimwita Kapteni Zuberi, jina la jirani yetu aliyeshikwa na mgongo kila palipokuwa na kaburi la kuchimba, lakini kwenye pilau ya hitima hakuna aliyemtangulia. Siku moja Kapteni Zuberi alijificha ndani ya pipa la siki. Pipa likabingirika mteremkoni, likavunja lango la ngome ya adui, naye akatolewa humo akinuka achari na kuvishwa nishani. Nilicheka hadi mama akaja kuuliza kama nimeanguka tena.

Sura niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kibanda cha ndizi. Adui walivamia alfajiri, kikosi kikatawanyika, na Kapteni Zuberi akajifungia ndani ya kibanda cha kuvundikia ndizi, akatia komeo, akalala chini ya majani. Alijaribu kutopumua, lakini inzi akawa anamtembelea puani. Akamwahidi Mungu kwamba ataacha starehe zote, isipokuwa ubwabwa. Kisha mwenzake akaja, akagonga polepole, akamwita kwa jina. Nafasi ya watu wawili ilikuwapo. Zuberi hakujibu. Mwenzake akagonga tena, halafu nyayo zikaenda zake.

Nilicheka kwa sababu ya inzi. Hata hivyo niliona kwamba sura ile ilikuwa ndefu lakini Ami hakugeuza ukurasa. Nilipomwuliza, alisema maandishi ni madogo.

"Ami, yule mwenzake alikwenda wapi?"

"Kitabu hakisemi."

Nikaomba anirudie sura ile. Alinirudia kesho yake, na kila nilipoomba.

Ami alifariki mimi bado kijana. Kiingereza nilijifundisha baadaye, kwa kamusi na magazeti ya kufungia vitu. Miezi michache kabla ya wiki ile nilikuwa nimekiona kitabu chenyewe mtaa wa Fordsburg, kwenye meza ya vitabu vikuukuu nje ya duka la vitambaa. Nilikifungua katikati nikakutana na pipa la siki. Nilikinunua, nikakiweka karakana, kazi zikanizidi. Sasa nafasi ilipatikana. Nilisoma kwa mpango, kama ninavyosoma kila kitu, penseli mkononi. Kwenye pipa nilicheka nimejiziba mdomo, maana nje walikuwa wakitikisa milango. Nikafika mwisho, nikarudi mwanzo, nikapekua ukurasa kwa ukurasa. Kibanda hakikuwamo. Hapakuwa na hata ndizi moja.

Nilikaa na kitabu magotini. Ndizi hazioti kwenye theluji. Zinaota Uganda.

Hapo mlango wangu ukagongwa, kwa vidole.

"Fungula, ndugu yangu. Ni miye, Deo."

Deo ni mshonaji kutoka Bukavu, mteja wangu wa zamani. Nyimbo zilikuwa zinarudi kutoka upande wa robot, pale taa za barabarani. Mlango ule ukifunguliwa husikika mtaa mzima. Nikinyamaza, hakuna atakayejua kwamba nimo. Niliunyanyua mlango hadi usawa wa goti, Deo akapita kwa tumbo, nikaushusha. Tukakaa chini, migongo ukutani, jasi ikitupaka mashati, mpaka nyimbo zikapita. Ndipo akakiona kitabu.

"Banatutafuta huku inje, na weye uko unasoma roman?"

Nikamwambia riwaya yenyewe ni ya kuchekesha. Akataka nimsomee. Nikaanzia kwenye pipa, macho kwenye Kiingereza, mdomo kwenye Kiswahili.

Utotoni niliamini kwamba mfungwa wa chumba kile ni mimi, na Ami ni mgeni anayeingia na kutoka. Niliamini pia kwamba anairudia sura ile ili kunifurahisha. Mara ya mwisho aliponisimulia, siku chache kabla ya hogo kukatwa, Kapteni Zuberi aliinuka kutoka chini ya majani, akasogea mlangoni, akaweka mkono juu ya komeo. Hapo Ami akafunga kitabu. Nilimlalamikia kwamba amekosea, kwamba Zuberi hainuki.

"Najua," akasema. "Nilikuwa najaribu tu."