Kitabu Kilichofungia Karanga

Mama alianzia mwisho wa kitabu, kwa sababu, alisema, mwisho hausomwi na mtu. Kila asubuhi alichana kurasa chache, akazikunja ziwe koni, akazijaza karanga za kukaanga, kisha akaenda kuziuza kwenye barabara ya Kakontwe. Wachonga mawe bado walipita pale, ingawa mishahara yao ilikuwa imesahaulika.

Kilikuwa kitabu kinene cha Kifaransa, cha familia, kuhusu afya, chakula na sayansi ya nyumbani. Mama alikipata zamani katika mafunzo ya wake wa wafanyakazi, enzi ambazo kampuni ya madini bado iligawa unga. Mimi nilikuwa nimerudi Likasi kwa sababu chuo kilikuwa kimefungwa, na hakuna aliyejua kama kingefunguliwa. Sikuweza kukaa. Nilizunguka mji bila shughuli, nikirudi nyumbani nasoma kile kitabu kuanzia mbele, mbio, huku mama akikila kutoka nyuma.

Nilibishana nacho karibu kila ukurasa. Kilishauri mtoto apewe yai, maziwa na kipande cha nyama, na vyote vilichorwa katika sahani moja. Nilimuuliza mama nani aliwahi kuiona sahani ile hapa kwetu.

"Ile sahani iko mu kitabu," akanijibu, akinisogezea bakuli la majani ya muhogo. "Weye kula sombe yako."

Mahali pengine kilidai kwamba wanga hugeuka sukari mdomoni: tafuna mkate muda mrefu, utaonja utamu. Sikuamini. Mkate haukuwepo, basi nikachukua tonge la bukari, ugali wetu, nikatafuna. Kwetu bukari haitafunwi. Unaibonyeza, unaichovya, unaimeza. Dada yangu mkubwa aliacha kula akanitazama.

"Mama, angalia! Dokta wetu iko anatafuna bukari kama shikleti!"

"Muache," mama akasema. "Kule univ banamufundisha kula kama mbuzi."

Nilitafuna hadi mataya yakauma. Utamu ukaja, hafifu, lakini ulikuja. Iliniudhi kidogo kwamba kitabu kilikuwa kimesema kweli.

Siku chache baadaye mtoto wa dada, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akaanza kuharisha. Muuguzi wa mtaa wetu alikuwa amekwenda Kakanda kutafuta mawe ya shaba kama wengine, na hospitalini walitaka mtu aje na dawa yake mwenyewe. Kufikia adhuhuri macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Alilia, lakini uso wake ulibaki mkavu. Dada alikuwa hajampa tone la maji tangu asubuhi.

"Ukimupa maji, inatoka palepale," alisema. "Tumbo ipumzike kwanza."

Nilirukia kitabu. Sura ya kuharisha ilikuwa ya mwisho kati ya zile zilizobaki, na sikuwa nimeifikia. Ilisema mtoto asinyimwe maji hata kidogo. Ilisema sukari kidogo husaidia utumbo kufyonza maji pamoja na chumvi. Ilisema kinywaji kisiwe na chumvi nyingi kuliko machozi. Kisha: katika lita moja ya maji yaliyochemshwa, tia... Hapo ukurasa ukaisha.

"Mama, page yenye inafuata iko wapi?"

"Iko Kakontwe. Bantu banakula karanga."

"Na sukari?"

"Sukari haiko. Unajua vizuri haiko."

Nikatoka nje, nikaingia, nikatoka tena. Ndipo nikayakumbuka mataya yangu. Kama ndani ya bukari kuna sukari, basi imo pia katika uji. Sikujua kama tumbo la mtoto mdogo lingeichukulia hivyo. Kitabu hakikusema. Nilikoroga unga kidogo katika maji mengi, nikauchemsha juu ya mbabula, jiko letu la makaa, ukawa uji mwepesi wa kunyweka, nikatia chumvi ya kubana kwa vidole.

"Na kama unajidanganya?" dada akauliza.

"Inawezekana. Lakini bila maji huyu mutoto anakufa. Ile miye sina mashaka nayo."

Sasa dada naye alikuwa analia. Nilimwambia aonje. Akajifuta shavu kwa kidole, akakilamba, kisha akaonja uji.

"Machozi yangu inapita uji kwa chumvi," alisema.

"Basi mupe."

Kijiko kwa kijiko. Cha kwanza mtoto alikitapika. Tukangoja, tukaanza tena, polepole zaidi. Jua lilikuwa linateremka nilipompakata mimi ili dada apumzike. Mtoto akakunja uso, akalia kwa hasira.

"Machozi!" dada alipiga kelele. "Mama, mutoto iko na machozi!"

Muda mfupi baadaye akanilowesha suruali yote. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu namna ile.

Asubuhi nilikuwa nimekikalia kitabu.

"Leta," mama alisema. "Karanga nitafunga na nini, na mukono?"

Sikuinuka. Akakivuta chini yangu, akaziruka kurasa za kuharisha bila kuzigusa, akafunua kuelekea mwanzo hadi kwenye picha ya sahani yenye yai, maziwa na nyama. Akaichana taratibu, akaikunja koni, picha ikiwa nje.

"Mwenye atapata hii," alisema, "atakula karanga na nyama."